Mguu haujaota tena, lakini kila mwaka lazima aje tuuone

Dirisha Namba Mbili

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri, na mnisamehe kwa urefu.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, huu ni mwaka wa saba niko dirishani. Nahudumia watu wanaopata msaada wa fedha: wazee, watu wenye ulemavu, walezi wa yatima. Napokea fomu, nakagua viambatanisho, nagonga muhuri, nafungua faili au nalifunga. Sikuja hapa kulalamikia mshahara.

Kuna mzee mmoja, nimwite Mzee M. Alikatwa mguu juu ya goti miaka mingi iliyopita. Kila mwaka ukifika msimu wa uhakiki ni lazima afike mwenyewe, na picha mbili, barua ya utambulisho na fomu ya daktari isiyozidi miezi mitatu. Swali la kumi na moja kwenye fomu yetu linauliza kama hali ya mwombaji imebadilika tangu uhakiki uliopita. Pembeni kuna visanduku viwili, Ndiyo na Hapana.

Mwaka huu zamu yake ilipofika nikamsomea swali lile kama ninavyowasomea wote. Akaegemeza magongo kwenye kaunta, akaanza kukunja suruali, pindo kwa pindo, bila haraka, mpaka kovu likaonekana. Akasema, "Mwanangu, andika haujaota." Foleni nzima ikacheka, na yeye akacheka. Nikatia tiki kwenye Hapana, nikagonga muhuri, nikaita anayefuata. Tangu siku ile siwezi kulisoma swali la kumi na moja kwa sauti ya kawaida.

Na huyo ni mwenye bahati. Mwaka jana alilazwa wiki ileile ya uhakiki. Hakufika, kompyuta ikamwondoa, akakaa miezi minne bila kitu. Nilimwandikia rufaa mwenyewe, akarudishwa, msimamizi wangu akanipongeza mbele ya wenzangu. Mwezi uliofuata akaja mama mwenye tatizo hilohilo. Halafu mwingine. Rufaa naziandika vizuri siku hizi, hata wenzangu wananiletea za kwao niwaandikie. Hapo ndipo niliposhtuka. Nimekuwa fundi wa kuziba paa ambalo tunalitoboa sisi wenyewe kila mwaka.

Nikanunua daftari. Tangu wakati huo nimeandika kila aliyeondolewa aliyepita dirishani kwangu, sababu, na kilichotokea baadaye. Leo wamefika 58. Kati yao 6 tu ndio kweli walikuwa hawastahili tena. Hao 52 wengine waliondolewa kwa kutofika siku yao au kwa karatasi kupungua, na 37 kati yao wamesharudishwa kwa rufaa. Kwa hiyo tumewatoa, tumewatesa, halafu tumewarudisha, na kila faili tumelishika mara mbili.

Ninachotaka ni kanuni ibadilike: mwenye ulemavu wa kudumu asihakikiwe kila mwaka. Nilipolisema kwenye kikao nikajibiwa, "Sisi ni watekelezaji, sera si yetu." Semina ya uchechemuzi, yaani ya kushawishi sera zibadilike, nimehudhuria. Tulichora mti wa matatizo, mizizi huku, matawi kule, tukapigwa picha na mti wetu, tukaondoka.

Sasa naanzia wapi? Namwendea nani? Mimi ni mwajiriwa na nina watoto wanaonitegemea. Na la mwisho, nafanyaje bila kumgeuza Mzee M. kuwa bango?

Kalamu Butu

Pole, mkuu. Nakujibu hilo la bango tu, mengine wapo wanaoyajua kuliko mimi.

Nilikuwa mfanyakazi wa kujitolea, nikapata kesi ya mama mmoja aliyekatiwa msaada kwa sababu jina lake kwenye kitambulisho lina herufi moja tofauti na lililo kwenye faili. Nikampeleka kwa waandishi wa habari. Alikubali, ndiyo, lakini alikubali kwa sababu mimi ndiye niliyemwomba, na mimi ndiye niliyekuwa nikimletea fomu. Utamkataliaje mtu huyo?

Habari ikatoka na picha yake akilia. Siku ya pili akarudishiwa msaada. Yeye peke yake! Wengine wenye herufi zao tofauti wanahangaika mpaka leo. Ofisi ilipata aibu ya mtu mmoja, ikaitibu aibu hiyo, basi. Mama yule akawa "yule aliyelia kwenye gazeti." Nikikutana naye njiani anaangalia pembeni, na sina cha kumlaumu.

Ukipeleka sura, utarudishiwa jibu la sura. Mimi nilichoka, nikaacha.

Mzee wa Majalada

Dirisha, nimestaafu baada ya miaka 29 kwenye kazi hiyohiyo, kwa hiyo nisome kwa subira kidogo.

Kabla hujamtafuta wa kumwendea, tafuta karatasi. Hiyo "kila mwaka" imeandikwa wapi? Nauliza kwa sababu niliwahi kupigana miaka miwili na sharti la kuleta mashahidi wawili wenye ajira. Niliandika barua, nikagombana na watu, nikanuna. Mwisho kijana mmoja wa masjala akaniuliza sharti lile limetoka waraka upi. Tukapekua. Halikuwepo popote. Lilikuwa kijikaratasi alichobandika mtangulizi wangu ukutani, pengine kwa sababu ya kesi moja ya udanganyifu, naye alishahama zamani. Gundi ilikauka, sharti likabaki.

Kama limo kwenye sheria, safari yako ni ndefu na inapita bungeni. Kama limo kwenye kanuni, linaishia kwa waziri. Kama ni waraka, aliyeusaini au aliyekikalia kiti chake anaweza kuandika mwingine. Kama ni mazoea, msimamizi wako anaweza kulifuta kabla ya saa sita mchana. Na siku hizi kuna pa tano, ndani ya kompyuta. Umesema "kompyuta ikamwondoa." Nani aliiambia? Kuna mtu aliamua kwamba tarehe ikipita jina litoke. Angeweza kuamua kwamba jina lisitishwe, na afisa apewe siku kadhaa za kumfuatilia mhusika kabla ya kumfuta. Hilo ni ombi dogo, halimnyang'anyi mtu madaraka, na lingewaokoa wengi wa hao 52.

Daftari lako ni mali, lakini litazame vizuri. Majina yasitoke humo kwenda popote. Peleka hesabu, watu wabaki kwako. Halafu ongeza safu moja: saa ambazo ofisi imetumia kuwarudisha hao 37. Wakubwa wengi hawasikii neno mateso, si kwa ukatili, wamelizoea tu. Lakini mwambie mkubwa kwamba maafisa wake wanafanya kazi moja mara mbili, atavaa miwani.

Nakupa kisa kimoja ninachokipenda. Jane Addams na mwenzake Ellen Gates Starr walifungua nyumba ya huduma kwa wahamiaji maskini huko Chicago mwaka 1889, ikaitwa Hull House. Mtaa ule taka zilikuwa zinaoza njiani na watoto wanakufa. Angeweza kuendelea kuuguza watoto mmoja mmoja, na aliwauguza. Lakini yeye na wanawake wa mtaa wakaanza kupita vichochoroni jioni wakiandika kila ukiukwaji wa utaratibu wa taka, wakapeleka idara ya afya taarifa za makosa zaidi ya 1,000. Baadaye akaomba zabuni ya kuzoa taka za kata ile. Zabuni ikakataliwa kwa sababu za kikaratasi (unaona, hata huko!), lakini kelele zake zikamfanya meya amteue kuwa mkaguzi wa taka wa kata mwaka 1895. Akawa anaamka alfajiri kuyafuata magari ya taka mpaka dampo. Watu wanamkumbuka kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya 1931. Mimi namkumbuka kwa ile alfajiri nyuma ya gari la taka. Alikuwa na hesabu, halafu akaifuata hesabu yake mpaka inakoishia.

Kwa suala lako hasa una mfano wa kuweka mezani. Uingereza ilikuwa inawapima tena na tena wagonjwa wanaopata posho ya wasioweza kufanya kazi. Baada ya malalamiko ya miaka mingi, serikali ilitangaza mwaka 2016 kwamba wenye hali mbaya isiyotarajiwa kupona hawatapimwa tena kila mara, na mwaka 2017 utaratibu ukaanza. Kwa hiyo mtu akikwambia haiwezekani kiutawala, mwambie imewezekana mahali.

Kuhusu ajira yako: usivujishe faili, usiseme nyuma ya mgongo, kila kitu kwa maandishi na kwa ngazi. Ukiambiwa "peleka kwa maandishi", hilo si tusi, ni mlango. Na ujue kwamba maadili ya kazi yetu yako upande wako. Tamko la maadili la Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Ustawi wa Jamii, la mwaka 2018, linatutaka tuwaeleze waajiri, watunga sera na umma pale ambapo sera au taratibu zinaumiza watu, na linasema tusiadhibiwe kwa kufanya hivyo. Halitakulinda kama ukuta, sitakudanganya. Ila barua inayolitaja hujibiwa kwa adabu zaidi.

Mwisho, wakati. Ombi lolote lenye gharama lifike kabla bajeti haijafungwa. Nimeona mawazo mazuri mno yakifika wiki mbili baada ya bajeti kupita, yakawekwa kwenye jalada la "yatafikiriwa." Majalada hayo nayajua, ndiyo yaliyonipa jina.

Fimbo Nyeupe

Nimesikiliza mjadala wote kwa sauti ya simu yangu, kwa hiyo mnisamehe kama kuna emoji mmeweka, zinasomwa vichekesho.

Mimi ni mlengwa. Sioni tangu utotoni. Mmeongea vizuri, Mzee wa Majalada hasa. Ila nimerudia kusikiliza mara mbili nikitafuta mahali mtu aliposema "tutawauliza wenyewe," sijapasikia. Dirisha ameshaamua tunachotaka: tusihakikiwe. Nani amemwambia?

Nikwambie mimi nilikatwa kwa nini. Tangazo la siku ya uhakiki hubandikwa ukutani. Mimi na ukuta tunafahamiana kwa bega tu. Nililijua tangazo lile wiki tatu baada ya siku yenyewe, kwa jirani. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, shida ya kwanza si uhakiki, ni habari kunifikia. Nipigie simu, nitumie ujumbe nitakaousikiliza, nitakuja.

Na kuna jambo hamlifikirii. Kwa baadhi yetu siku ile ya uhakiki ndiyo siku pekee ofisi inakumbuka kwamba tupo. Nina rafiki asiyetoka ndani, anaogopa kwamba uhakiki ukifutwa hakuna atakayebisha hodi kwake tena. Yeye hataki uhakiki ufutwe, anataka uje nyumbani. Yule mzee wenu wa mguu huenda anataka lingine kabisa. Mlimuuliza, au mlicheka naye tu?

Msifikiri nawachukia. Nimechoka kuitwa kwenye vikao vya wadau nikasaini karatasi ya mahudhurio, halafu nikasomewa maamuzi yaliyokwisha. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein alichora ngazi ya ushirikishwaji yenye vipandio 8. Chini kabisa wananchi wanachezewa akili, juu kabisa wananchi wanaamua. Katikati kuna kupashwa habari, kuulizwa maoni na kutulizwa, navyo aliviita ushirikishwaji wa jina tu. Katikati hapo nimekaa sana, mpaka nina kiti changu.

Na haya si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa 2006, kifungu cha 4 kifungu kidogo cha 3, unazitaka nchi zilizouridhia zishauriane nasi na kutushirikisha, kupitia vyama vyetu, katika maamuzi yanayotuhusu. Kifungu cha 28 kinazungumzia hifadhi ya jamii. Dirisha, ukiandika barua kama afisa, ni maoni ya mtumishi. Tukiandika sisi, ni madai. Wewe tupe hesabu, jina la mbele liwe letu. Hata ajira yako itapumua.

Kalamu Butu, ndugu yangu, usijitese sana na yule mama. Lakini umesema alilia peke yake. India, jimbo la Rajasthan, chama cha vibarua na wakulima kinachoitwa MKSS kilianza mwaka 1994 kuitisha mikutano ya hadhara. Karatasi za malipo ya kazi za umma zilisomwa kwa sauti mbele ya kijiji, jina kwa jina, na watu wakasimama kusema "mimi sikulipwa hiyo" au "huyo alishakufa." Hakuna mmoja aliyekuwa bango maana walikuwa wengi, na kilichokuwa uchi pale ni karatasi. Vuguvugu lile lilichangia sana mpaka India ikapata sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2005. Mimi napenda sana hiyo ya kusoma kwa sauti. Mnajua kwa nini.

Kalamu Butu

Fimbo, asante. Sina la kuongeza. Nitakwenda kumsalimia.

Dirisha Namba Mbili

Nimerudi, wiki ya sita sasa. Nilinyamaza kwa sababu maneno ya Fimbo Nyeupe yaliniingia, na ilibidi nifanye kwanza ndipo niseme.

Nilianza na karatasi. Niliomba waraka kwa maandishi, ukaja baada ya siku 12. Wakuu, waraka unasema uhakiki ufanyike "mara kwa mara." Basi! Hausemi kila mwaka, hausemi mtu afike mwenyewe. "Kila mwaka" imo kwenye kichwa cha fomu yetu, iliyochapwa kabla sijaajiriwa, na aliyetengeneza programu ya kompyuta aliichukua kutoka kwenye fomu. Miaka saba nimekuwa nikiwaambia watu "ndivyo sheria inavyosema" kwa sauti ya kujiamini kabisa. Hilo limeniuma kuliko hata suruali ya Mzee M.

Halafu nikauliza. Kupitia chama chao cha watu wenye ulemavu tulikaa watu 11, na mimi nikaambiwa nikae mwisho wa safu na nisiendeshe kikao. Mwenyekiti alikuwa mama anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye ofisini kwetu hupokelewa kwenye ngazi za nje kwa sababu hakuna njia ya kupandia. Nimempokea pale mara nne. Sikuwahi kulihesabu kama tatizo la kuandika daftarini, maana yeye hakukatwa.

Ombi langu la kwanza kwao likawa la tatu. La kwanza lilikuwa tangazo: simu au ujumbe wa sauti kwa kila mlengwa, siku 30 kabla. La pili, asiyefika asifutwe, asitishwe na afuatwe nyumbani. La tatu ndilo la kuacha kuwahakiki kila mwaka wenye hali ya kudumu, na hapo walibishana kweli. Wanne walilikataa kwa hoja ileile ya rafiki wa Fimbo. Wakakubaliana kwamba uwe uchaguzi wa mtu mwenyewe.

Barua imesainiwa na chama, kwa saini na dole gumba. Mimi nimeambatanisha jedwali la hesabu lisilo na jina hata moja, likiwa na safu ya saa kama alivyoshauri Mzee wa Majalada. Msimamizi aliisoma mbele yangu. Alipofika kwenye saa akarudi juu akasoma tena. Akaniuliza, "Hii nani ameandika?" Nikamwambia waliosaini wapo kumi, na namba ya simu ya mwenyekiti iko chini. Akasema ataipeleka juu. La kutangaza kwa simu amesema lipo ndani ya uwezo wake, amenipa mimi orodha ya namba nizisafishe, na nusu ya namba zenyewe hazipatikani, kwa hiyo jioni zangu mnajua zinakwenda wapi. Mengine bado hayajajibiwa. Bajeti inafungwa baada ya wiki tano.

Mzee M. nilimuuliza, Fimbo. Hakutaka kufutiwa uhakiki. Anataka benchi kwenye foleni, kwa sababu magongo yanamuumiza kwapa akisimama muda mrefu. Kuhusu swali la kumi na moja amesema tusijisumbue, mwakani atakuja na kaptula.